Paa, Ng'ombe, Plau na Mpumbavu

Sanduku la vitambaa la mama halikufunguliwa na mtu mwingine maisha yake yote. Ukiligusa tu, uliambiwa una mkono wa kupoteza sindano. Kwa hiyo wiki ya tatu baada ya maziko, nilipokaa sakafuni sebuleni kwake Misunkumilo na kuinua kile kifuniko, nilijisikia mwizi. Juu kulikuwa na vipande vya vitenge, kola za sare za shule, na zipu zilizofungwa pamoja kwa uzi. Chini kabisa, limekunjwa vizuri, lilikuwa koti la majunia ya tumbaku. Pua ililitambua kabla ya macho. Ile harufu ya tumbaku iliyokauka, tamu na kali kwa pamoja, ilinipanda, na nikajikuta nimeshika kichwa upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio, mahali ambapo nilipigwa nikiwa na miaka kumi na moja na nikaficha.

Nikiwaambia watu kwamba utotoni nilifundishwa kupigana kwa upanga wa Wazungu wa kale, tena hapahapa Mpanda, hucheka na kuniuliza kama farasi nao walikuwepo. Farasi hawakuwepo. Alikuwepo Bruda Anselmi, mtawa mzee aliyesimamia karakana ya useremala ya misheni, mwenye masikio makubwa na Kiswahili cha vitabuni. Kwao, kabla ya utawa, alikuwa katika kikundi cha watu wanaosoma maandishi ya mabwana wa upanga wa zamani sana, kisha wanasimama uwanjani na kujaribu yaliyoandikwa, hatua kwa hatua, mpaka yaeleweke. Alikuja nayo kwa fotokopi ndani ya faili la plastiki. Kila ukurasa ulikuwa na wanaume wawili wenye suruali za kubana hivi kwamba sisi tuliamini wamevaa nguo za ndani tu, na mmoja wao siku zote alikuwa anakaribia kufa bila kuonyesha wasiwasi wowote.

Mimi nilielewa kwa namna yangu. Nilidhani huko kwao mpaka leo watu huenda sokoni na upanga kiunoni, na kwamba Bruda alikuja Mpanda kwa sababu amechoka kupigana. Nilimhurumia kwa siri kwa muda mrefu, na siku za sikukuu nilimpelekea karanga.

Tulikuwa watoto tisa, kila Jumamosi mchana, kwenye uwanja nyuma ya karakana. Panga alituchongea mwenyewe kwa mabaki ya mbao za mninga, na ncha akazifunga mpira wa tyubu ya baiskeli. Fundi mmoja wa kuchomelea alitutengenezea barakoa za waya wa chekecheke la mchanga. Makoti ya kujikinga yalikuwa kazi ya mama yangu, Mama Tekla, fundi cherehani ambaye hakuwahi kukataa kazi ya ajabu. Aliyashona kwa majunia ya kufungia tumbaku, ndani akajaza godoro kuukuu lililokatwakatwa. Tulinuka tumbaku mpaka kwenye misa, na wazee waliokaa nyuma yetu walikuwa wanajipapasa mifukoni kutafuta sigara.

Mikao ilikuwa minne, na majina yake Bruda aliyatafsiri kama yalivyo kwenye kitabu. Paa, kama la nyumba, unainua upanga juu ya bega. Ng'ombe, unauweka pembeni mwa kichwa, ncha ikielekea usoni kwa mwenzio kama pembe. Plau, unaushika chini karibu na nyonga, ncha inapanda. Na Mpumbavu, unaushusha ncha chini kabisa, unasimama kama mtu aliyeishiwa akili, ili adui ajidanganye na kuingia. Siku ya kwanza tulicheka mpaka Bruda akakaa chini kutungoja. Aliyeacha kucheka mapema ni Minza. Alitazama ule mchoro wa Ng'ombe, akaushika upanga wake, akasimama sawasawa, na Bruda akasema hajawahi kuona mtu akielewa mkao ule kwa mara moja.

Minza alikuwa Msukuma. Kwao walikuwa wafugaji, wametokea kaskazini na ng'ombe wao, wakakaa upande wa Kabungu, na plau alilijua kwa kulishika. Yeye aliishi na shangazi yake, Mama Kulwa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ili awe karibu na shule. Tulikuwa darasa la tano pamoja, dawati moja. Hakuwa msemaji. Mimi nilikuwa nasema kwa niaba ya wote wawili, na mwalimu akitaka jibu lililo sahihi alimuuliza yeye. Kwenye upanga ilikuwa hivyohivyo. Mimi nilikuwa na kelele na kasi, yeye alikuwa na macho.

Sheria kubwa kuliko zote haikuwa kwenye michoro. Bruda alitufundisha kwamba ukiguswa, unasema wewe mwenyewe. Unainua mkono wa kushoto, unasema "Nimeguswa," na unataja ni wapi: begani, mkononi, kichwani. Kisha mnarudi kwenye mikao na kuanza upya. Aliyepiga haruhusiwi kudai. Mwamuzi haruhusiwi kusema kwa niaba yako. Mwenye mwili ndiye anayejua, alikuwa anasema, na mtu asiyeweza kusema ameguswa amejifunza kushika kipande cha mbao tu. Tuliizoea mpaka ikahamia nyumbani. Mdogo wangu akinipiga teke chini ya meza, nilikuwa nainua mkono na kusema nimeguswa, mguuni, na mama anaomba Mungu amrudishe Bruda kwao.

Mwaka huo Bruda aliamua tuonyeshe watu. Somo, yaani msimamizi, wa kigango chetu alikuwa Malaika Mikaeli, na sanamu yake ilikuwa na upanga wa bati uliopinda. Siku ya sikukuu, baada ya misa, tungepigana wawili wawili, mguso mmoja tu, na atakayebaki wa mwisho angebeba upanga wa chuma wa Bruda mbele ya sanamu kwenye maandamano ya jioni. Ule upanga tulikuwa tumeuona mara mbili. Alikuwa anauhifadhi kwenye blanketi, umepakwa mafuta, na kuugusa hatukuwahi. Nilianza kuuota. Nilijiona natembea nao katikati ya vigelegele, na mama akinionyesha kwa kidole.

Wiki moja kabla ya sikukuu, tukitoka kuchota maji, Minza aliniambia jambo lake. Baba yake alikuwa anahama na ng'ombe kwenda bonde la Rukwa. Alitaka kwenda na watoto wote, ila shangazi yake alimwombea Minza abaki amalize shule. Baba yake hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Nitakuja siku ya upanga, nione." Minza aliyageuza maneno hayo wiki nzima, akaja kunipa maana aliyoiona. Ilikuwa lazima ashinde. Mimi pia niliona ni wazi kabisa, mzazi anakuja kuona mashindano, anataka kuona nini kingine? Nilimwambia nitamwombea. Na kweli usiku huo nilimwombea, kisha, bila kuona shida yoyote, nikajiombea na mimi.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na mabenchi yamepangwa kuzunguka uwanja. Mama alikaa mstari wa mbele na kina mama wa jumuiya. Baba Minza, Mzee Masanja, hakukaa. Alisimama nyuma kabisa, amejifunga lubega, fimbo ameipitisha nyuma ya shingo na mikono miwili imening'inia juu yake. Sikumwona akizungumza na mtu. Wenzetu waliguswa mmoja baada ya mwingine, wakainua mikono, wakataja mahali, na watu wakacheka kila waliposikia mtoto akisema "tumboni" kwa heshima. Mwisho tukabaki Minza na mimi.

Nilikaa Paa. Yeye alikaa Ng'ombe. Nilishuka kwa nguvu zangu zote, na yeye hakuwepo tena pale nilipompigia. Alikuwa amepiga hatua moja pembeni. Nikasikia waya wa barakoa ukilia mara moja, tik, juu ya sikio langu la kushoto. Hakuniumiza. Ngoma za kwaya zilikuwa zinapigwa, na sidhani kama kwenye mabenchi kuna aliyesikia. Minza akashusha upanga wake mpaka chini, kama tulivyofundishwa, akasimama akiningoja niseme.

Sikusema. Ningependa kuandika hapa kwamba nilichanganyikiwa, kwamba jua lilikuwa machoni, kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini nilijua. Nilitaka ule upanga wa chuma. Na kwa vile upanga wa Minza ulikuwa umeelekea chini, nilijiambia kwa haraka sana kwamba amekaa Mpumbavu, ananitega, na mchezo unaendelea. Nikampiga begani.

Aliinua mkono wa kushoto palepale. "Nimeguswa," akasema. "Begani."

Vigelegele vilipanda. Mama alisimama, akafungua khanga na kuipunga. Bruda alikuja katikati yetu taratibu, akanivua barakoa, akanitazama kwa muda ambao mpaka leo sijaweza kuupima. Aliniuliza, "Tekla, una neno la kusema?"

"Sina, Bruda."

Akangoja tena. Minza alikuwa bado amevaa barakoa, na kupitia ule waya niliyaona macho yake. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananingoja, kama anavyokungoja mtu mnayetoka naye shule ukisimama kufunga viatu. Kisha Bruda akainua mkono wangu. Nilipotazama nyuma ya mabenchi, Mzee Masanja alikuwa ameishusha fimbo yake na anaondoka.

Jioni niliubeba upanga. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na baridi. Nilitembea mbele ya sanamu kutoka kanisani mpaka barabarani na kurudi, watu wakaimba, mama akanionyesha kwa kidole, na sikumbuki furaha yoyote. Nakumbuka kwamba nilikuwa natafuta kati ya watu wale koti la majunia la Minza. Bruda aliupokea upanga, akaufuta mafuta ya vidole vyangu, akaurudisha kwenye blanketi. Hakunigombeza. Bwana wa upanga wa kitabu chake alimfundisha hivyo, nadhani, kwamba neno ni la mwenye mwili. Ningependelea anichape.

Jumamosi iliyofuata nilijiandaa. Nilikuwa nimeamua kusema, naapa nilikuwa nimeamua, nilifanya na mazoezi ya maneno nikiosha vyombo. Minza hakuja. Nilikimbia mpaka kwa Mama Kulwa, nikamkuta anapepeta mchele uani. Alisema wameondoka Jumatano, baba yake alikuja asubuhi akamchukua na begi lake. Nikauliza kama amechukua na sare za shule. Akasema amechukua, ila hakujua ni za nini tena. Kisha akanipa koti la Minza nimrudishie mama. Nililibeba hadi nyumbani nikiwa nimelikumbatia, na nililia barabarani bila kujificha.

Kwa hiyo nilikua nikijua nilichofanya. Alihitaji kushinda ili abaki, mimi nikamnyang'anya ushindi, akachukuliwa. Hesabu rahisi. Bruda alirudi kwao kutibiwa na hakuja tena, uwanja wa karakana ukajengwa stoo, na mimi nikasonga mbele na shule mpaka nikawa mwalimu, Tabora, wa darasa la tano. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa siku ileile na nikamlea mwenyewe.

Haya yote yalinirudia nikiwa nimelishika lile koti sebuleni kwa mama. Siku chache baadaye nilikwenda mnadani kutafuta ng'ombe wa arobaini ya mama. Nilikuwa nabishana na dalali mmoja juu ya ng'ombe aliyekonda, nikaona mgongo wa mzee aliyesimama peke yake pembeni, fimbo nyuma ya shingo, mikono imening'inia. Mtu anaweza kuzeeka usoni, lakini namna ya kusimama haizeeki. Nilimwendea, nikapiga magoti kidogo, nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, "Mwangaluka, baba."

Aliitika, akanitazama, akasema mimi ni yule mtoto wa fundi cherehani, yule wa upanga. Alikuwa amekuja kwa dada yake, Mama Kulwa, ambaye macho yamemsumbua. Nilimuuliza Minza kwanza, kabla hata ya kumwambia habari zetu. Alisema yupo, bondeni, ana mume na watoto watano, wanalima mpunga. Shule hakurudi. Walikohamia ilikuwa mbali, mwaka ukapita, na mwingine. Lakini watoto wake wote wanasoma, alisema, hapo hana mchezo, anawasindikiza kwa fimbo.

Ningeweza kuishia hapo. Nikamuuliza lile nililolibeba: siku ile, kama Minza angeshinda, angemwacha abaki?

Mzee Masanja alishangaa kweli. "Kushinda? Nani alisema habari za kushinda?"

Nikamwambia ndivyo tulivyoelewa, Minza na mimi. Alitikisa kichwa, akaishusha fimbo na kuisimamisha mbele yake.

"Mimi nilikuja kuwaona nyie," alisema. "Watu ninaowaachia mtoto. Nimeshika fimbo tangu sijaota meno ya pili, na fimbo ikigusa naiona kwenye mkono wa aliyepiga. Niliona amekugusa kichwani. Nikasema ngoja, watasema. Wewe hukusema. Mzungu wenu aliona, hakusema. Kina mama wakapiga vigelegele. Nikajiuliza, huyu mtoto nikimwacha hapa, siku akionewa nani atafungua mdomo?"

Nilisimama katikati ya vumbi na ng'ombe nikiwa sina mahali pa kuweka mikono. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimejilaumu kwa kosa dogo kuliko nililofanya. Sikumnyang'anya Minza ushindi tu. Angeweza kushindwa na akabaki. Lilihitajika neno moja, kutoka mdomo mmoja tu, na mdomo wenyewe ulikuwa wangu. Nilimweleza mzee ile sheria ya Bruda, kwamba mwamuzi alikatazwa kusema, na aliyepiga alikatazwa kudai, kwa sababu mwenye kuguswa ndiye anayejua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sheria nzuri," alisema. "Lakini inataka watu."

Nikamwambia, basi baba, leo nasema, nilikosa. Akanikatiza kwa mkono, bila ukali. "Usiniambie mimi. Mimi sikushika upanga."

Akatoa simu ndogo iliyofungwa raba, akabonyeza kwa kidole gumba, akaongea Kisukuma kwa muda. Nilisikia jina langu likipita katikati. Kisha akanipa simu na kugeuka kutazama ng'ombe wake.

Sauti ilikuwa nzito kuliko niliyoikumbuka, lakini ilikuwa bado haina haraka. Iliniita, "Tekla?"

Nilikuwa na hotuba. Niliianza jikoni kwa mama nikiosha vyombo na nikawa naiongeza kila mwaka. Haikuja hata neno. Ulikuja mkono wa kushoto tu, ukapanda wenyewe hewani, na yule dalali akadhani namwita, akaanza kunifuata.

"Minza," nikasema. "Nimeguswa."

Nilisikia kuku upande wake, na mtoto akiambiwa aache kitu fulani. Nilidhani amesahau, au simu imekatika, au amekumbuka na hataki. Dalali alifika, nikamfukuza kwa macho.

"Wapi?" akauliza Minza.

"Kichwani. Kushoto, juu ya sikio."

"Haya," alisema. Nilimsikia akivuta pumzi. "Nilisikia waya."

Hapo kwenye uwanja wa Bruda tungerudi kwenye mikao na kuanza upya. Sisi tulibaki na simu sikioni, kila mmoja na ng'ombe na kuku wa upande wake. Kisha akauliza mama yangu anaendeleaje, kwa sababu hakumsahau aliyemshonea koti, na siku zote alisema akipita Mpanda ataenda kumshukuru. Na hilo pia nilikuwa nimechelewa kumwambia.